Pima kwa bomba, si kwa pua: mafuta ya makonyo na mchaichai kwenye mafuta ya mwili, skrabu na sabuni

Msimu wa karafuu ukianza tu, simu yangu hailali. "Nimepata kichupa cha mafuta ya makonyo, nitie matone mangapi?" "Nikijipaka hivi hivi kuna ubaya?" "Mbona yamenichoma?" "Mbona leo hayanuki?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka sauti imenikauka, na majibu ni yale yale. Basi nayaandika hapa yote pamoja, ukiniuliza tena nitakutumia haya na mimi niendelee kukuna nazi zangu.

Natengenezea jikoni kwangu, Chake Chake. Sina maabara, nina mzani mdogo wa jikoni, mabomba ya sindano kutoka duka la dawa, na daftari lililojaa madoa ya mafuta. Hivyo vinatosha.

Kwanza tuelewane maneno. Nikisema mafuta makali nakusudia yale yanayotolewa kwa mvuke: mafuta ya makonyo (yaani vikonyo vya karafuu), ya karafuu yenyewe, ya mchaichai, ya mkaratusi, ya langilangi, ya mdalasini. Yana harufu kali na huruka hewani. Nikisema mafuta ya kuchanganyia nakusudia yale ya kawaida ya kujipaka: nazi, ufuta, alizeti. Haya yana utelezi na hayaruki. Watu huita vyote viwili "mafuta", na hapo ndipo balaa linapoanzia, maana mtu hujipaka mafuta ya makonyo kama anavyojipaka ya nazi.

Nadharia ni hii moja tu, kisha tuende kazini. Kilo moja ya makonyo makavu hutoa mafuta gramu 50 hadi 60 hivi. Maana yake kijiko kimoja cha chai cha mafuta hayo kimebeba ukali wa makonyo karibu gramu 100, konzi kubwa ya mikono miwili. Hakuna mtu atakayesugua konzi mbili za makonyo shavuni. Lakini kijiko cha mafuta anakimimina bila wasiwasi, kwa sababu kinaonekana kidogo.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Mafuta makali. Kwa kuanzia chukua mawili tu: makonyo na mchaichai. Kiwanda cha makonyo cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC) kipo hapa Wawi, nje kidogo ya Chake, na mafuta yake ndiyo niliyojifunzia. Langilangi ukiipata ni ziada. Mafuta yake mengi hutoka Komoro na bei yake si ya mchezo.
- Mafuta ya nazi safi, nusu lita. Ya tui la kupika nyumbani au ya kununua, yote sawa, ilmradi hayana maji.
- Chupa za kioo za rangi ya kahawia. Za dawa ya kikohozi zinafaa sana, usizitupe.
- Bomba la sindano la ml 1 na jengine la ml 5, bila sindano.
- Bakuli la kioo au la chuma kisichoshika kutu, na kijiko cha chuma.
- Mzani unaopima hadi gramu moja.
- Kitambaa safi, kalamu, na karatasi za kubandika kwenye chupa.
- Mahali pa juu penye mlango. Mafuta ya makonyo ni sumu kwa mtoto akiyanywa, hata kidogo. Ikitokea, usimtapishe, mchukue pamoja na kichupa mwende hospitali hapo hapo. Na mtoe paka jikoni. Mwili wa paka hauwezi kuyavunja mafuta haya, na paka wetu wanajua kulamba kila kilichomwagika.

Hatua ya kwanza mpaka ya nane: mafuta ya mwili

Nimeanza na mafuta ya mwili kwa sababu ukiyaweza haya, yaliyobaki yote ni kubadilisha kile unachochanganyia.

1. Jaribu mafuta makali uliyonunua. Chukua gilasi ya maji, dondosha tone moja la mafuta ya makonyo au karafuu. Tone safi linazama. Linakwenda chini polepole, duara, kama jicho la samaki, na linakaa pale chini. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, ndiyo maana. Likielea juu na kutanda, limechanganywa na mafuta ya kawaida au mafuta ya taa. Jaribio hili halikamati kila udanganyifu, na halifai kwa mchaichai wala mkaratusi, kwa sababu hizo huelea hata zikiwa safi. Kwa hizo tumia karatasi nyeupe: dondosha tone, liache mpaka kesho. Rangi kidogo si neno, lakini ukikuta doa la utelezi kama la andazi, ndani yake mna mafuta ya kupikia.

Mimi nimeshauziwa kichupa kimeandikwa "asumini halisi" kwa bei ya chai na mkate. Asumini ya kweli ni ghali mno. Kichupa cha bei ile ni manukato ya kiwandani. Yananukia, sikatai, lakini hesabu ninazotoa hapa si zake.

2. Hakikisha mafuta ya nazi hayana maji. Ukiyapika mwenyewe kwa tui, sikiliza sufuria. Maji yakiwemo, mafuta yanalia, yanatatarika na kutoa mapovu makubwa. Yakiacha kulia na mapovu yakawa madogo, na yale mabaki chini yakawa rangi ya kahawia, epua. Chuja kwa kitambaa kikavu. Yaache yapoe kabisa. Mafuta yenye maji huchacha ndani ya wiki chache, na watu huja kunilalamikia kwamba "karafuu imeoza". Karafuu haijaoza, ni nazi yako.

3. Safisha na ukaushe chupa. Osha kwa sabuni, chemsha dakika kumi, ziinamishe juani kwenye kitambaa safi. Ukavu ndio muhimu. Tone moja la maji chini ya chupa linatosha kukuharibia kazi.

4. Jua chupa yako inatoa matone mangapi kwa mililita. Hii ndiyo hatua ambayo kila mtu anairuka. Watu wengi huandika "tone 20 ni ml 1", na ni makisio mazuri, lakini kichupa kimoja hutoa matone manene na chengine membamba. Dondosha ndani ya bomba la ml 1 ukihesabu, mpaka lijae. Changu cha mchaichai hutoa 28. Andika namba hiyo kwenye kichupa chenyewe. Au achana na matone kabisa, vuta kwa bomba. Mimi sasa navuta kwa bomba tu.

5. Pima mafuta makali. Kwa ml 100 za mafuta ya nazi, huu ndio mchanganyiko ninaoanza nao kila mgeni:

- mchaichai ml 0.4
- makonyo ml 0.2
- langilangi ml 0.2 (kama huna, acha, usiongeze makonyo kufidia)

Jumla ni ml 0.8, yaani chini ya asilimia moja. Najua utanusa useme "mbona kidogo?" Subiri hatua ya saba.

Na hii ndiyo mipaka, kwa kitu kinachobaki mwilini bila kuoshwa, kwa kila ml 100:

- makonyo au karafuu: usipite ml 0.5
- mchaichai: usipite ml 0.7
- langilangi: usipite ml 0.8
- mdalasini wa majani: usipite ml 0.6
- mdalasini wa gome: usitie kabisa, uachie pilau
- mkaratusi: mimi nakomea ml 2, na situmii kwa watoto wadogo

Angalia jambo moja hapa. Kinachochoma kwenye makonyo ni yujinoli (eugenol), ambayo ni zaidi ya robo tatu ya mafuta yenyewe. Mafuta ya majani ya mdalasini nayo yamejaa hiyo hiyo. Kwa hiyo ukivitia pamoja, vihesabu kama kitu kimoja: jumla yao isipite ml 0.5. Wengi hutia 0.5 ya hiki na 0.6 ya kile wakajiona wako ndani ya mipaka yote miwili. Wamekwishapita.

Kwa uso, gawa kila kitu nusu, na makonyo yatoe kabisa. Kwa mtoto chini ya miaka miwili usitie mafuta makali yoyote. Mafuta ya nazi matupu yalitulea sote. Mjamzito naye asitumie ya makonyo wala ya mdalasini, na hayo mengine amuulize kwanza mkunga wake.

6. Changanya. Mimina mafuta ya nazi nusu kwenye bakuli, tia mafuta makali, koroga kwa kijiko cha chuma dakika moja, kisha malizia nazi iliyobaki. Mafuta yawe ya baridi. Ukitia mafuta makali kwenye nazi iliyotoka motoni, harufu yote inapanda darini na unalipia kunukisha jiko.

7. Toka nje. Kweli, ondoka. Ukishinda dakika kumi juu ya mafuta ya karafuu, pua yako imechoka, haikwambii kweli tena. Hapo ndipo mtu anapoongeza, na kuongeza, na kuongeza. Funga chupa, kaanike nguo, ongea na jirani, rudi baada ya saa moja. Vizuri zaidi rudi kesho, kwa sababu mchanganyiko ukilala usiku mmoja, mchaichai hutulia na karafuu hujitokeza. Paka tone moja juu ya mkono, unuse. Bado hafifu? Ongeza ml 0.1, usipite mpaka wa hatua ya tano, uandike.

8. Jaribu kwenye ngozi kabla hujampa mtu. Paka kidogo ndani ya kiwiko, usioshe, ngoja siku moja. Siku mbili ni bora. Ngozi ikiwa nyekundu, ikiwasha au ikatoa vipele, mchanganyiko huo haukufai wewe. Unaweza kumfaa mwengine. Mteja mpya mpe kijichupa kidogo ajaribu naye, usimuuzie chupa nzima siku ya kwanza.

Chupa ibandike jina, vilivyomo na tarehe. Usiniambie utakumbuka.

Kuhusu ndoo ya maji ya kuoga

Swali hili linatoka zaidi kwa waliosoma maelekezo ya wenzetu wanaoogea kwenye beseni kubwa la kulala. "Tia matone kumi kwenye maji ya kuoga." Sisi tunaoga kwa ndoo na kata. Ukidondosha mafuta makali ndani ya ndoo, yanaelea juu au, kama ni ya makonyo, yanazama chini. Hayachanganyiki na maji. Kata ya kwanza au ya mwisho inakuja nayo yote pamoja, makali vile vile, na yanakwenda pale pale usipopataka. Chumvi haisaidii, maziwa hayasaidii.

Fanya hivi. Oga kama kawaida, jifute kidogo tu ngozi ibaki na unyevu, kisha paka yale mafuta ya mwili uliyotengeneza. Harufu inakaa muda mrefu kuliko ya ndoo na ngozi inanywa vizuri. Anayetaka lazima harufu wakati wa kuoga, achanganye mafuta makali kwenye sabuni ya maji isiyo na harufu, ml 0.5 ya mchaichai kwa ml 100 za sabuni, atikise, ajiogee nayo.

Skrabu ya sukari

Bibi zetu walikuwa na singo, na singo ya bi harusi ni elimu yake, ina wenyewe, siigusi hapa. Hii ni ya siku za kawaida.

1. Pima sukari gramu 200. Sukari laini, ile ya mawe inakwaruza.
2. Changanya pembeni mafuta ya nazi ml 100 na mchaichai ml 0.4. Makonyo ukitaka, ml 0.1 tu, kwa sababu ngozi iliyosuguliwa inakunywa zaidi na inachoma haraka.
3. Mimina juu ya sukari kidogo kidogo ukikoroga mpaka ishikane kama mchanga wa pwani uliolowa.
4. Jaza kwenye kopo pana, weka kijiko kikavu cha kuchotea.

Usitumbukize mkono wenye maji. Maji yakiingia, sukari inayeyuka na ukungu unafuata. Na usidhani karafuu itaizuia isioze kwa vile "karafuu inaua vijidudu". Kwa kipimo hiki haizuii. Ndiyo maana sitengenezi losheni yenye maji, wala sichanganyi alovera mbichi wala maji ya mawaridi kwenye vitu vya kuuza. Hivyo vinahitaji dawa ya kuhifadhi, na hiyo ni kazi ya mwongozo mwengine.

Skrabu usiipake baada ya kunyoa. Utanikumbuka kwa ubaya.

Mafuta mazito ya kuchulia

Nta ya nyuki gramu 20, mafuta ya nazi gramu 80. Yeyusha nta pamoja na nazi ndani ya bakuli lililokaa juu ya sufuria ya maji yanayochemka. Nta huyeyuka karibu na nyuzi 63 na hakuna haja ya moto wa moja kwa moja. Epua. Koroga mpaka uone ukingoni panaanza kuwa peupe, ndipo utie makonyo ml 0.4 na mkaratusi ml 1, koroga haraka, mimina kwenye vikopo. Kaskazi ikiwa kali yakalainika, msimu ujao tia nta gramu 25. Usipake kwenye jeraha wala karibu na macho.

Sabuni ya mche

Siandiki hapa namna ya kupika sabuni. Kostiki soda ni jambo la kufundishwa ana kwa ana, mwenye miwani na glavu. Naandika kwa anayejua tayari, kama akina mama wa sabuni za mwani wa Paje na Kidoti, anayetaka kutia harufu.

Kwa kilo moja ya mafuta ya sabuni, natia mchaichai gramu 15 na makonyo gramu 5. Mchaichai unaingia kwanza, sabuni ikiwa bado nyepesi. Makonyo yanaingia mwisho kabisa, baada ya kuyachanganya na vijiko viwili vya mafuta ya nazi, na kalibu ziwe zimekaa tayari mezani. Sababu ni kwamba makonyo huifanya sabuni igande kwa ghafla. Mara ya kwanza nilitia gramu 20, na makonyo nikayaanza. Nilihesabu nne, mwiko ukasimama wenyewe katikati ya sufuria kama mlingoti wa ngalawa. Sabuni ile niliikata kwa kisu cha kuparia samaki, vipande vibaya vibaya, tukafulia mwaka mzima.

Rangi nayo itabadilika. Mchaichai unaleta manjano, makonyo yanavuta kwenye kahawia kadiri siku zinavyokwenda. Ukitaka sabuni nyeupe, makonyo si yako. Iache ikauke wiki nne hadi sita mahali penye upepo. Hewa yetu ina unyevu, kwa hiyo wakati wa masika utaiona inatoka jasho la matone madogo. Lifute, halina dhara.

Makosa ninayoyaona kila siku

*Plastiki.* Mafuta ya makonyo yakiwa matupu hula plastiki laini. Nilihifadhi yangu kwenye kichupa cha shampuu nilichookota hotelini, nikakiweka juu ya kabati. Baada ya wiki mbili kizibo kimelainika kama ubani uliotafunwa, kimegandana na shingo, na ubao wa kabati umevuka rangi duara pale kilipokaa. Duara lile lipo mpaka leo. Tumia kioo. Hata bomba la sindano lioshe mara umalizapo, la sivyo mpira wake unavimba na namba zinafutika.

*Ndimu na jua.* Mafuta ya maganda ya ndimu yaliyokamuliwa, ukijipaka kisha ukatoka juani, huchoma na kuacha mabaka meusi. Umewahi kuona mikono ya mtu aliyekamua ndimu za shughuli uwanjani mchana kutwa? Ndiyo hayo. Kwenye mafuta ya mwili mimi siyatii kabisa, maana jua letu halina likizo. Mchaichai unakupa harufu ya karibu na hiyo bila mchezo huo wa jua.

*Kuloweka karafuu kwenye nazi na kuiita mafuta ya karafuu.* Ni mafuta mazuri, mama yangu anayo. Lakini hayo ni nazi yenye ladha ya karafuu, ukali wake haupimiki, na hesabu za hatua ya tano haziyahusu. Usiyatie kwenye mchanganyiko kisha ukaongeza makonyo bila kujua ulipofika. Na ukiloweka maua mabichi, asumini au langilangi, yaache kwanza yanyauke usiku mmoja kwenye ungo, maana maji ya ua ni maji vile vile.

*Kunywa.* Kuna anayeshauri tone kwenye chai. Mimi nasema hapana, karafuu mbili kavu kwenye birika zinatosha.

Kikiharibika

*Imechoma ngozi.* Usitegemee maji matupu, hayachanganyiki nayo. Chukua mafuta ya nazi matupu, paka kwa wingi, futa kwa kitambaa, rudia, ndipo uoge kwa sabuni. Yakiingia jichoni ni tofauti: maji safi mengi, robo saa nzima, kisha hospitali.

*Hayanuki.* Kwanza mpe mtu mwengine anuse, pua yako imezoea. Akisema kweli hayanuki, ama ulitia kwenye nazi ya moto, ama kizibo kinapitisha hewa, ama mchaichai wako ni wa zamani. Mchaichai nautumia ndani ya mwaka mmoja tangu kufunguliwa. Ukizeeka hupoteza harufu na huanza kuwasha ngozi hata kwa kipimo kidogo. Makonyo yanastahamili miaka kadhaa yakiwa gizani.

*Yananuka kama nazi iliyochacha.* Maji. Rudi hatua ya pili na ya tatu. Chupa hiyo haitengenezeki, usijaribu kuifunika kwa karafuu zaidi.

*Yameganda na kuwa meupe.* Ni kipupwe. Nazi huganda ikishuka chini ya nyuzi 24 au 25 hivi, na usiku wa mwezi wa saba Pemba unaweza kufika huko. Tia chupa kwenye maji ya uvuguvugu, tikisa. Hakuna kilichoharibika. Anayeudhika nalo abadilishe robo ya nazi kwa mafuta ya ufuta.

*Harufu ya makonyo imemeza zote.* Usiongeze mchaichai, utavuka mpaka. Ongeza nazi. Gawa mchanganyiko mara mbili, kila nusu ijaze nazi mpya, kisha kila chupa itie mchaichai ml 0.2. Utapata chupa mbili badala ya moja, na bado uko salama.

*Skrabu imetengana, mafuta juu sukari chini.* Koroga tu. Ikirudia kila siku, punguza mafuta hadi ml 80.

*Nimezidisha na sijui kwa kiasi gani, sikuandika.* Chupa hiyo usiwape watu. Imimine kwenye kitambaa, upangusie milango na viti vya mbao. Mbao inapenda karafuu kuliko shavu.

*Nataka kuuza.* Kabla ya kupanga mezani Darajani au kupeleka hotelini, pitia Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, maana vipodozi viko chini yao, uulize unahitaji nini. Watataka kujua vilivyomo na vipimo vyake. Mwenye daftari lake atafungua ukurasa awasomee. Asiye nalo, aanze na chupa ya kesho.